Kuchagua tela la pikapu kwa milima ya Mbeya, Njombe na Iringa

Tela langu la kwanza nililinunua kwa macho. Nilipita karakana moja ya kando ya barabara hapa Mbeya, nikaliona limepakwa rangi ya samawati, sakafu pana, chuma kinene. Nikapiga teke tairi moja, tukapatana bei. Wiki iliyofuata nilipakia viazi Isyonje, magunia kumi na mawili, na kwa kuwa vijana walikuwa wakipandishia nyuma, mengi yalibakia huko huko nyuma. Tulipoanza kuteremka kuelekea Igawilo, mwendo kama kilomita 60 kwa saa, nikahisi nyuma ya gari imekuwa nyepesi. Kwenye kioo cha pembeni tela likatokea kushoto, likapotea, kisha likatokea kwenye kioo cha kulia. Nikaachia mafuta, nikashika usukani pale pale ulipokuwa, sikugusa breki. Likachezacheza, likapungua, likatulia. Tuliposimama pembeni miguu yangu haikuwa na nguvu.

Tulihamisha magunia manne kwenda mbele, na hadi Uyole halikucheza tena. Kesho yake nikachukua futi kamba, nikapima. Ekseli ilikuwa imechomelewa katikati kabisa ya sakafu. Nilikuwa nimenunua mizani ya kubembea na kuifunga nyuma ya gari langu.

Ninayoyaandika hapa ni ya mwenye pikapu anayetaka tela bapa, lile la wazi lenye sakafu tupu ya kubebea viazi, mbao, saruji, mahindi, kreti za parachichi au pawatila. Huku kwetu tela lichaguliwe kwa mteremko. Gari likishindwa kupandisha utasimama, utashusha mzigo, utapoteza nusu siku. Likishindwa kujizuia pale Iwambi, Inyala au Kitonga, hakuna nusu siku ya kupoteza. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: mzigo huu utasimamishwa na nini?

Hatua ya kwanza: isome pikapu yako

Kabla hujaenda kuangalia tela lolote, fungua mlango wa dereva usome kibati cha mtengenezaji, kisha tafuta kitabu cha gari. Unatafuta namba tatu. Ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa pikapu yenyewe ikiwa imepakiwa. Ya pili ni uzito wa tela lenye breki zake ambao gari linaruhusiwa kuvuta, na ule wa tela lisilo na breki. Ya tatu ni uzito wa jumla wa gari na tela kwa pamoja. Kama kitabu kilipotea zamani, mtu mwenye gari la toleo hilo hilo na injini hiyo hiyo anaweza kukuazima chake. Jina la gari peke yake halitoshi, maana Hilux ya zamani ya injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) na Hilux mpya ya dizeli ya lita 2.8 ni magari mawili tofauti kabisa linapokuja suala la kuvuta.

Hilux hizo mpya za 4x4, kwa masoko mengi, na Land Cruiser za mfululizo wa 79 huandikiwa hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Magari ya zamani huwa chini ya hapo kwa mbali. Ila namba ninayotaka uikariri ni ile ya tela lisilo na breki: kwa pikapu nyingi ni kilo 750. Na hizo kilo 750 zinajumlisha tela lenyewe! Tela dogo la chuma lenye ekseli moja lina kilo 300 hadi 400 likiwa tupu. Toa hizo, unabakiwa na magunia manne hivi ya mahindi. Mimi nilikuwa na kumi na mawili ya viazi, na breki hata moja haikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalijui. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na ukipanda Kitulo unapita mita 2,600. Hewa huku ni nyembamba. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ile 3L yako iliyokuwa na nguvu Dar es Salaam, hapa Mbeya imeshapoteza kama sehemu moja ya sita kabla hujafunga tela. Yenye tabo haiumii hivyo. Kama gari lako halina tabo na unapandisha kila wiki, panga kutumia robo tatu tu ya uzito ulioandikwa, na usibishane na gari.

Hatua ya pili: ujue mzigo wako kwa kilo, usihesabu magunia

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Gunia la mahindi ni karibu kilo 100, hilo halina shida. Lakini gunia la viazi likishafungwa lumbesa, na kichwa cha nyavu juu, hakuna anayejua uzito wake mpaka lipandishwe mizani. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku lumbesa miaka yote, na bado ipo. Mwenye tela ana sababu yake ya kuikataa mbali na ile ya mkulima kupunjwa: magunia kumi ya lumbesa yanaweza kukuzidishia kilo mia kadhaa ambazo hukuzipigia hesabu, na breki zako hazitajua kuwa ziliitwa magunia kumi.

Mbao nazo zinadanganya. Chukua mbao ya msindano ya 2 kwa 4 yenye futi 12, kama zile zinazojaa Mafinga. Ikiwa imekauka vizuri ina kilo 9 hivi. Ikiwa imetoka kupasuliwa leo asubuhi, bado inatoa maji ukiiminya kwa kucha, inaweza kufika kilo 16. Mbao mia moja kavu ni kilo 900. Mia moja mbichi ni kilo 1,600. Kwa macho ni mzigo ule ule, una kimo kile kile. Ukibeba mlingoti badala ya msindano, ongeza tena. Kwa hiyo mwenye kazi ya mbao achague tela kwa uzito wa mbao mbichi, hata kama amejiwekea nia ya kubeba kavu tu. Mteja akipiga simu saa kumi jioni hutauliza zimekauka kiasi gani.

Saruji ni rahisi: mfuko kilo 50, mifuko 20 ni tani. Mbolea vivyo hivyo. Pawatila, soma kibati chake, halafu ongeza jembe lake na chochote utakachokiacha juu.

Ukishapata uzito wa mzigo wako mkubwa wa kawaida, jumlisha uzito wa tela tupu. Jumla hiyo ndiyo inayolinganishwa na namba ya pikapu. Mfano: gari linaruhusu kilo 2,000 kwa tela lenye breki, na tela unalolitaka lina kilo 550. Mzigo wako ni kilo 1,450, na mimi ningeishia 1,200. Na kama umejaza pia bodi ya pikapu, rudi kwenye ile namba ya tatu, maana pikapu iliyojaa na tela lililojaa kwa pamoja mara nyingi hupita uzito wa jumla hata kama kila kimoja peke yake kiko sawa.

Hatua ya tatu: ekseli ikae wapi, na ziwe ngapi

Nenda na futi kamba. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Pima urefu wa sakafu. Kisha pima kutoka mwanzo wa sakafu, upande wa gari, hadi katikati ya ekseli. Kipimo hicho cha pili kinatakiwa kiwe karibu asilimia 60 ya urefu wote. Sakafu ya mita 3, ekseli iwe kwenye mita 1.8. Hesabu yake ni hii: mzigo uliosambazwa sawasawa una kitovu chake kwenye mita 1.5, yaani sentimita 30 mbele ya ekseli. Kama mkono wa tela, kutoka sakafu hadi kwenye kikombe kinachokaa juu ya gololi ya gari (kile kichwa cha duara cha chuma cha kuvutia), una mita 1.2, basi kutoka gololi hadi ekseli ni mita 3. Sentimita 30 kwa mita 3 ni asilimia 10. Maana yake tela la kilo 1,500 litaikandamiza gololi kwa kilo kama 150, na huo ndio mkandamizo unaolifanya tela lifuate gari kwa utulivu. Kwenye lile tela langu la samawati hesabu ilikuwa sifuri, na nilipopakia nyuma ikawa chini ya sifuri. Tela lilikuwa linainua nyuma ya gari langu.

Mkandamizo ukipungua chini ya asilimia 7 hivi, tela linaanza kuchezesha mkia. Ukizidi sana, nyuma ya pikapu inakaa chini, taa za mbele zinaangaza mitini na usukani unakuwa mwepesi. Chuma cha kuvutia cha gari lako kina kiwango chake cha juu, kimeandikwa kwenye kibati kidogo pembeni yake. Usikipite.

Ekseli moja au mbili? Hadi jumla ya kilo 1,400 hivi, moja inatosha na ina faida zake: tela ni jepesi, matairi mawili tu ya kununua, na kwenye kona za vijijini unaweza kulifungua tela kutoka kwenye gari na kulizungusha kwa mikono ya watu wawili. Kuanzia hapo kwenda juu mimi naona mbili. Tairi moja likipasuka mteremkoni, jingine la upande ule linabaki limebeba. Ni ghali zaidi, na kwenye kona kali matairi yake husuguana na lami, lakini wanaobeba mbao kutoka Mufindi wasifikirie mara mbili.

Kuhusu upana, watu hupenda sakafu kubwa. Wewe angalia umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia la tela, ulinganishe na wa pikapu. Kwenye barabara za udongo za masika, matairi ya magari yamechimba mifereji miwili, na tela ambalo matairi yake yameachana zaidi au yamekaribiana zaidi kuliko ya gari litatembea mguu mmoja mferejini na mwingine juu ya tuta, limelala upande. Nimeyaona magunia yakiteremka yenyewe namna hiyo, njia ya kushuka kutoka Kikondo.

Kimo cha sakafu kinategemea kazi. Sakafu inayopita juu ya matairi inakupa upana wote na unapakia kreti kutoka pande tatu, ila mzigo unakaa juu na upepo wa Makambako haukusamehi. Sakafu iliyoshuka katikati ya matairi ni nyembamba lakini imetulia, na pawatila inapanda kwa ubao tu. Mimi nabeba zaidi viazi na mbao, nikachagua ya chini.

Sakafu ya mbao ni bora kuliko ya bati kwa shughuli zetu. Bati lenye vinundu ni zito, linateleza likiwa na tope, na likioza unahitaji fundi wa kuchomelea. Ubao ukivunjika unabadilisha mmoja, na mbao hazijawahi kutukosa huku.

Hatua ya nne: breki za tela

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya andiko hili, iwe hii.

Tela lolote litakalozidi kilo 750 likiwa limepakiwa linatakiwa liwe na breki zake. Gari la tani 1.8 likishuka Kitonga na tela la tani 1.5 lisilo na breki, zile breki nne za gari zinafanya kazi ya gari mbili. Dramu na diski zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na kanyagio linashuka hadi sakafuni bila kushika kitu. Pia ukikanyaga ghafla kwenye kona, tela linalosukuma kutoka nyuma linaupeleka mkia wa gari pembeni, na gari na tela vinakunjana kama wembe wa kukunja. Mzee mmoja fundi wa Mbalizi aliniambia, "Mwanangu, tela linavutwa. Siku likianza kukusukuma, wewe ndiye tela." Nimelibeba neno lake.

Zipo aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni breki za kusukumwa. Gari linapopunguza mwendo, tela linalisogelea, mkono wa mbele unaingia ndani kidogo kama bomba la shokapu, na kule kuingia kunavuta fimbo inayobana breki shuu za tela. Hakuna umeme, hakuna mpira wa mafuta wa kuunganisha na gari. Fundi yeyote anayejua dramu za gari anaweza kuzitengeneza, na ndizo ninazozipendekeza kwa barabara zetu. Zina mambo mawili ya kuyajua. Ukirudi nyuma kupanda kilima, tela linadhani unasimama, linajifunga, kwa hiyo hakikisha lina komeo la kuzuia hilo au mfumo unaojiachia wenyewe. Pili, kwenye mteremko mrefu zinabana muda wote na kupata moto, kwa hiyo dawa yake ni gia. Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia, ianze kushika kabla ya mteremko, na mguu uguse breki kwa vipindi vifupi.

Aina ya pili ni breki za umeme, zenye kidhibiti chake ndani ya gari. Zinarekebishika kulingana na mzigo, na unaweza kulifunga tela peke yake kwa mkono, jambo linalosaidia sana tela likianza kucheza. Ila sumaku na nyaya zake hazipendi tope, na kupata anayezijua vizuri si kila mji. Kama umenunua tela lililoingizwa kutoka nje na linazo, zitunze. Kama unachomelewa jipya, weka za kusukumwa.

Usikubali neno la muuzaji kuwa breki zipo. Piga jeki upande mmoja, zungusha tairi kwa mkono, mwambie mwenzako avute breki ya mkono ya tela. Tairi lisimame kavu. Kisha upande wa pili. Kwa zile za kusukumwa, sukuma mkono wa mbele uingie ndani uone kama fimbo inasogea na kama inarudi yenyewe. Nimeshakuta mkono ulioganda kwa kutu, umepakwa rangi mpya juu. Kwa tela la ekseli mbili, angalia kama breki zipo kwenye ekseli zote mbili. Na uliza ule waya mwembamba wa dharura, unaofungwa kwenye gari na kuvuta breki za tela kama litachomoka. Usipokuwepo, uwekwe kabla hujalipa.

Hatua ya tano: gololi, kikombe na minyororo

Kitu kidogo kinachoua. Gololi ya kuvutia ya gari ina kipenyo chake, na kikombe cha tela kimetengenezwa kwa kipenyo hicho. Za Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50. Za Marekani zipo za inchi 2, ambazo ni milimita 50.8, na zipo za inchi 1 na 7/8, ambazo ni milimita 47.6, na kubwa zaidi za inchi 2 na 5/16. Kikombe cha 50 kikifungwa juu ya gololi ya 47.6 kitaonekana kimekaa sawa kabisa uwanjani. Shimo la kwanza la barabara litakionyesha kwamba hakijakaa. Pima kwa kalipa, au soma namba iliyogongwa juu ya gololi na ubavuni mwa kikombe. Ukishafunga, inua mkono wa tela kwa jeki yake: nyuma ya gari inapaswa iinuke nayo. Kikombe kikichomoka, shukuru umekiona hapo.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi kwa bolti. Kilichochomelewa kwenye bampa tu hakivuti kitu.

Minyororo iwe miwili, ivukane kwa umbo la msalaba chini ya mkono wa tela. Kikombe kikichomoka, mkono unaangukia juu ya msalaba huo badala ya kuchimba lami. Uachie mlegeo wa kutosha kwa kona, isikokote chini. Gololi na kikombe kimo chake kilingane ili tela likiwa limepakiwa likae usawa, lisiinue pua wala kuinamisha.

Hatua ya sita: matairi, habu na springi

Ukiweza, tela litumie rimu zile zile za gari lako. Hilux ina nati sita zenye mduara wa milimita 139.7, na Land Cruiser 79 ina nati tano kwa milimita 150, kwa hiyo rimu za moja hazikai kwenye nyingine. Zikifanana, tairi moja la akiba linahudumia gari na tela, na ukiwa umeharibikiwa Igawa usiku utaelewa thamani yake.

Tairi liwe la mzigo, lenye herufi C au LT. Namba ndogo ubavuni inakuambia linabeba kiasi gani: 106 ni kilo 950, kwa tairi moja, likiwa limejazwa upepo kamili. Tazama pia namba nne za mwisho za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka yakiwa na kashata (meno ya tairi) nzima kwa sababu hukaa juani muda mrefu, kwa hiyo kashata nzuri isikupumbaze. Angalia nyufa za ubavuni.

Habu, zifunguliwe mbele yako. Beringi na sili ni vitu vya bei ndogo, na zikikauka grisi tairi linaondoka zima. Springi za majani ndizo zinazofaa kwetu. Hesabu majani, tazama yaliyovunjika, na yu-bolti zake ziwe zimebana.

Matela mengi yanayochomelewa mitaani hujengwa juu ya ekseli ya gari bovu. Si dhambi, ila hakikisha haijapinda: pima kutoka tairi hadi tairi kwa mbele, kisha kwa nyuma. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, matairi yatakatika kama sabuni.

Hatua ya saba: taa

Masika, ukungu ukishuka Uporoto au Njombe, dereva wa lori aliye nyuma yako anaziona taa za tela peke yake. Za gari zimezibwa na mzigo. Soketi ya kawaida ni ya miguu saba: njano ni kiashiria cha kushoto, kijani cha kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia ya kulia, buluu taa ya ukungu, nyeupe ndiyo ethi, yaani waya wa kurudishia umeme. Taa zikiwaka kwa kupokezana, ukakanyaga breki na kiashiria kikawaka pia, karibu kila mara ni ethi. Ongeza waya wake na uufunge kwenye chuma kisafi. Bandika stika za kuakisi mwanga pande zote, si nyuma tu.

Makaratasi

Tela linasajiliwa TRA na kupewa namba yake, kama gari. La mkononi lazima liwe na kadi, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi. Isome mwenyewe kwa tochi. Kumbuka pia mizani za Uyole, Makambako na Wenda. Gari linalozidi kilo 3,500 linatakiwa lipite kupimwa, na pikapu iliyopakiwa pamoja na tela lake inafika hapo mapema kuliko unavyodhani.

Kupakia, na safari ya kwanza

Weka kilicho kizito kwanza, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kisha kilicho chepesi kwenye pembe. Kupima mkandamizo huhitaji kifaa cha gharama. Chukua mizani ya kupimia watu, ubao mgumu na tofali. Ubao ulale, mwisho mmoja juu ya tofali, mwisho mwingine juu ya mizani, umbali kati yao sentimita 90. Shusha mkono wa tela ukae kwenye ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali, matairi yakiwa yamezuiwa kwa vigingi. Mizani ikisoma 40, zidisha mara tatu: kilo 120. Kwa tela la jumla ya kilo 1,400 hiyo ni asilimia 8 na nusu, unaweza kuondoka. Ikisoma 20, sogeza magunia mawili mbele, upime tena.

Funga kwa mikanda ya recheti. Kamba za plastiki zinanyooka na baada ya nusu saa ya makorongo zimelegea zote. Mbao zifungwe sehemu tatu, na mbele ziwe zimeegemea ukuta wa chuma, kwa sababu ukifunga breki zitataka kuingia kwenye kabini.

Siku ya kwanza usiende mbali. Mimi tela langu la sasa nililipeleka Chimala na nusu ya mzigo. Inyala nilishuka na gia ya pili, na lilinifuata kimya kimya hadi chini. Nilipofika nikaegesha, nikaweka kiganja juu ya kila habu. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nne, ya nyuma kushoto, sikuweza kuikandamiza kwa zaidi ya sekunde moja. Breki shuu ilikuwa imebana kupita kiasi. Nikapiga jeki pale pale, nikalegeza kirekebishi meno matatu, tairi likazunguka huru. Kisha nikachukua wili spana nikapita nati zote za tela moja baada ya nyingine. Mbili zilikubali robo ya mzunguko.